Mnana wa Kamachumu: Safari ya Kumtafuta Ndege wa Kuchorwa kwa Vekta

Nchi ya Wahaya, iliyoko magharibi mwa Ziwa Viktoria katika mkoa wa Kagera, imepangika kwa safu za vilima vinavyokwenda sambamba kutoka kaskazini kuelekea kusini, na katikati ya safu hizo hulala mabonde yenye majimaji na mafunjo. Uwanda wa Kamachumu, ulio katika wilaya ya Muleba, ni mojawapo ya sehemu zilizoinuka katika mpangilio huo, nao uko mamia ya mita juu ya ziwa, ambalo lenyewe liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Mawe ya mchanga yanayochungulia kwenye kingo za vilima hivi ni ya kale mno, na wanajiolojia wamelipa kundi zima la miamba ya aina hiyo jina linalotokana na mji wa Bukoba. Safari inayosimuliwa hapa ilifanywa kutoka mji huo hadi Kamachumu kwa kusudi dogo lakini lenye masharti magumu, nalo ni kumpata ndege mmoja wa eneo hilo anayeweza kuchorwa kama katuni sahili kwa programu ya vekta, ili picha yake iingie katika kadi za kusomea za watoto wa darasa la awali.

Masharti hayo yanahitaji kuelezwa kwanza, kwa kuwa ndiyo yaliyoamua kila kilichofuata. Kadi za kusomea katika shule nyingi za vijijini hazichapwi kwa rangi, bali hutolewa fotokopi katika steshenari iliyo karibu, kwa wino mweusi peke yake na mara nyingi kutoka katika nakala ambayo nayo ilikuwa nakala ya nyingine. Ndege atakayechorwa hana budi kutambulika akiwa na upana wa vidole vitatu kwenye kadi, akiwa amekuzwa kwenye bango la ukutani, na akiwa amepoteza rangi zake zote. Ni kwa sababu ya tofauti hiyo ya ukubwa kwamba vekta ilichaguliwa. Picha ya kawaida ya simu, inayoitwa rasta, ni jedwali la nukta ndogo za rangi ziitwazo pikseli, na ikikuzwa kupita kiasi nukta hizo hujitokeza na kingo za umbo huota meno. Ilhali picha ya vekta ni orodha ya pointi, mistari na mikunjo ambayo kompyuta huisoma na kuichora upya kila ukubwa unapobadilika, mfano wa vipimo vya fundi cherehani ambavyo vyaweza kukata nguo ya mtoto au ya mtu mzima bila mshono kugeuka.

Bukoba ni mahali panapostahili kuanzia utafutaji wa namna hii, kwa kuwa mji huo uliasisiwa na mpenzi wa ndege. Emin Pasha, aliyezaliwa Silesia kwa jina la Eduard Schnitzer na kusomea udaktari, alianzisha kituo cha Wajerumani hapo mwishoni mwa mwaka 1890, na katika maisha yake yote ya utumishi barani Afrika, hadi alipouawa Kongo mwaka 1892, hakuacha kukusanya ngozi za ndege, kuzikausha na kuzipeleka katika makumbusho ya Ulaya. Franz Stuhlmann, aliyefuatana naye katika msafara huo, ameacha jina lake kwa aina ndogo ya mnana inayopatikana magharibi mwa ziwa. Mnana ni jina la ndege wafumaji wa viota, na msomaji atakutana naye tena. Michoro ya kisayansi iliyotengenezwa kutokana na mikusanyo ya watu kama hao ilidai kila unyoya uonekane, kwa sababu tofauti kati ya aina moja na nyingine huenda ikawa katika ukingo wa bawa au doa la shingoni. Katuni, ambayo katika magazeti ya Tanzania huitwa pia kibonzo, hudai kinyume chake kabisa, yaani kila unyoya usiokuwa wa lazima uondoke. Lakini itakuwa kosa kudhani kwamba mchora vibonzo anaweza kwa sababu hiyo kumtazama ndege wake kwa uzembe kuliko mchoraji wa makumbusho. Asiyejua kilichopo hawezi kujua cha kuacha.

Ufukweni Bukoba, ndege wa kwanza kupimwa alikuwa fundichuma, ndege wa kahawia anayetembea polepole kwenye maji ya kina kifupi akitafuta vyura na samaki wadogo, na ambaye hujenga katika panda ya mti kiota kikubwa mno cha vijiti na matope, chenye upana unaoweza kufikia mita moja na nusu. Kwa mchoraji wa katuni umbo la kichwa chake ni zawadi, kwani mdomo mrefu ulio mbele na kishungi kinachochomoza nyuma hukifanya kichwa kionekane kama nyundo, na kivuli chake pekee, yaani umbo lake lote likijazwa wino mweusi bila alama ya ndani, kinatosha kumtambulisha. Kivuli ndicho kipimo cha kwanza katika kazi hii. Hata hivyo, fundichuma alishindwa kwa sababu nyingine: ana rangi moja mwili mzima, na fotokopi ya ndege wa kahawia ni doa jeusi ambalo ndani yake jicho, bawa na mguu huzama pamoja. Angeweza kuchorwa kwa mistari mitupu bila kujazwa, lakini ndege wa mistari mitupu hupoteza uzito, na mtoto anayemwona hudhani kwamba picha haijakamilika na huanza kuipaka rangi, jambo ambalo si baya kwa kitabu cha kupaka rangi, ila si kazi ya kadi ya kusomea.

Barabara ya kusini kutoka Bukoba hupita Kemondo, penye bandari ya ziwani, kisha hufika Muhutwe, ambako njia ya Kamachumu huiacha barabara kuu na kuanza kupanda. Wasafiri wengi huenda kwa gari dogo la abiria liitwalo haisi, na mwendo wake, wenye kusimama kila penye mzigo wa ndizi au abiria mwenye kuku, humpa mtazamaji wa ndege nafasi ya kutosha. Katika mabonde yenye majimaji ya eneo hili, na hasa kuelekea bonde la mto Ngono, unaotiririka kaskazini hadi kuingia mto Kagera, anapatikana korongo taji, ndege mwenye kimo kinachokaribia mita moja, mashavu meupe, kifuko chekundu chini ya koo na taji la manyoya magumu ya rangi ya dhahabu. Huyu ni miongoni mwa ndege wa Afrika Mashariki wanaojulikana sana kwa picha, maana tangu mwaka 1962 amesimama katikati ya bendera ya Uganda, na hapo tayari amerahisishwa na kuwekwa katika duara jeupe. Ugumu wake upo katika taji. Taji la korongo ni shada la miiba myembamba inayotawanyika kutoka sehemu moja, na miiba hiyo ikipunguzwa hadi ukubwa wa kadi hushikana na kuwa ufagio. Ikipunguzwa idadi hadi kubaki mitano au sita, ndege huanza kufanana na tausi. Isitoshe, umaarufu wa bendera ni kikwazo, kwa kuwa mtoto wa Kagera, mkoa unaopakana na Uganda, huenda akasoma picha hiyo kama nchi na si kama ndege. Korongo taji aliachwa kwa heshima zote, huku ikikumbukwa kwamba tangu mwaka 2012 ameorodheshwa kimataifa miongoni mwa ndege walio hatarini kutoweka, hivyo kuna watoto wa mabondeni ambao wakati ujao watamfahamu kwa michoro tu.

Juu ya uwanda mandhari hubadilika. Vijiji vya Wahaya ni visiwa vya migomba vilivyozungukwa na nyasi: kibanja, yaani shamba la kudumu linaloizunguka nyumba, huchanganya ndizi, kahawa ya robusta, maharage na miti ya kivuli, na nje yake huenea rweya, mbuga ya nyasi fupi ambako ng'ombe hulishwa na nyasi za kutandaza shambani hukatwa. Rutuba ya kibanja imejengwa kwa vizazi vingi kwa kuhamisha samadi na nyasi kutoka rweya hadi kwenye migomba, na ndiyo maana mwaka 2006, ugonjwa wa mnyauko bakteria wa migomba uliporipotiwa kwa mara ya kwanza nchini Tanzania wilayani Muleba, pigo halikuwa la zao moja bali la mfumo mzima wa maisha. Maelekezo ya kupambana na ugonjwa huo, kama vile kuondoa ua dume la mgomba kwa kijiti chenye panda badala ya kisu kinachoweza kubeba vimelea, ni ya aina ambayo mchoro rahisi hueleza haraka kuliko aya ndefu, na mtu akitaka kujua kwa nini uchoraji sahili ni jambo la watu wazima pia, hana haja ya kutafuta mfano mwingine.

Ni katika migomba hiyo ambamo ndege anayefaa alipatikana. Mnana mwenye kichwa cheusi, ambaye wanasayansi humwita Ploceus cucullatus, hukaa kwa makundi yenye kelele karibu na makazi ya watu, na dume lake lina mwili wa njano, kichwa cheusi, jicho jekundu na mdomo mnene mweusi wenye umbo la pia. Hukwangua majani ya migomba na michikichi na kuyachana kuwa nyuzi ndefu, kisha huzisuka kuwa kiota cha mviringo chenye mlango chini. Mkulima anayemiliki mgomba uliochanwa hivyo hana sababu ya kumsifu, ingawa ndege huyo huwapa watoto wa kijiji tamasha lisilolipiwa. Kiota kinapokamilika, dume hujining'iniza chini yake kichwa kikielekea ardhini na kupiga mabawa ili jike lije kukikagua, na kiota kisichopata jike hadi majani yake yanyauke hubomolewa na mfumaji mwenyewe, ambaye huanza kingine.

Kwa mtazamo wa katuni, mnana ana sifa mbili ambazo fundichuma na korongo taji hawakuwa nazo pamoja. Mwili wake ni maumbo mafupi ya mviringo yasiyo na kitu chembamba cha kupotea, na mgawanyo wa rangi zake ni mgawanyo wa nuru na giza, kwa kuwa kichwa cheusi juu ya mwili wa njano hubaki kichwa cheusi juu ya mwili mweupe hata baada ya mashine ya fotokopi kufanya ukatili wake wote.

Mchoro ulianza kwa penseli kwenye karatasi, na baadaye ulihamia kwenye kompyuta mpakato yenye Inkscape, programu ya bure iliyochipuka mwaka 2003 kutokana na programu nyingine iliyoitwa Sodipodi, na ambayo huhifadhi picha kwa mfumo wa SVG, kiwango kilichopitishwa mwaka 2001 na shirika linalosimamia viwango vya wavuti. Chaguo la programu isiyolipiwa halikuwa la itikadi; steshenari nyingi hutumia CorelDRAW au Illustrator, lakini mwalimu atakayetaka kumrekebisha ndege huyo siku za usoni hapaswi kulazimika kununua leseni kwanza. Umeme wa Kagera, ambao kwa miaka mingi umeletwa kwa waya kutoka Uganda, haukuwa na lawama kubwa katika kazi hii, kwani faili la vekta la ndege mmoja ni jepesi na betri ya kawaida huikamilisha kazi yote.

Mwili uliwekwa kwanza kama duara dufu, yaani duara lililovutwa kuwa na umbo la yai, na kuinamishwa kidogo ili kifua kiwe juu na mkia chini. Kichwa kiliwekwa kama duara kamili linaloingia ndani ya mwili kwa theluthi moja hivi. Hapa ndipo wanaoanza hukosea kwa wingi, kwa kukichora kichwa kidogo kama kilivyo shambani. Kichwa cha katuni hukuzwa kwa makusudi, kwa sababu jicho na mdomo ndivyo vinavyosomwa kwanza, na ndege mwenye kichwa kikubwa huonekana kinda, jambo linalowavutia watoto. Maumbo mawili yanayoingiliana huweza kuunganishwa kwa amri ya muungano, ambayo hufuta mpaka wa ndani na kuacha ukingo mmoja, au kukatwa kwa amri ya tofauti, ambayo huondoa katika umbo la chini eneo lililofunikwa na umbo la juu. Ni hesabu ileile ya seti inayofundishwa sekondari, ila hapa majibu yake yanaonekana kwa macho. Mwili na kichwa cha mnana havikuunganishwa, kwa kuwa rangi zake ni tofauti, lakini bawa lilipatikana kwa tofauti: duara dufu moja lilikatwa na jingine mpaka likabaki umbo la tone lenye ncha nyuma.

Mkia na mdomo haviwezi kupatikana kwa maduara, na hapo ndipo kalamu ya Bézier huingia. Mkunjo wa Bézier huelezwa kwa pointi nne: mbili ni nodi, yaani mwanzo na mwisho wa mkunjo, na mbili ni ncha za vishikio, ambazo kwa kawaida mkunjo hauzigusi bali huvutwa kuzielekea, hivyo kishikio kirefu huufanya mkunjo ujikaze upande wake zaidi kabla ya kugeuka. Hisabati hiyo haikutoka katika studio za wasanii. Paul de Casteljau wa kampuni ya magari ya Citroën aliifikia mwaka 1959 na kampuni yake ikaifanya siri, naye Pierre Bézier wa Renault akaitangaza katika miaka ya 1960, wote wawili wakitafuta njia ya kueleza bodi za magari kwa namba. Hata duara, likigeuzwa kuwa mkunjo wa aina hiyo, huigwa kwa vipande vinne ambavyo vishikio vyake vina urefu wa takriban asilimia 55 ya nusu kipenyo, na kosa linalobaki halifiki sehemu tatu katika elfu kumi, yaani ni dogo mno kuonwa na jicho. Funzo la kazi kwa mchoraji ni kwamba nodi chache hutoa umbo safi: mkia wa mnana ulihitaji nodi nne tu, na kila nodi iliyoongezwa kwa nia ya kuunyoosha iliuongezea kovu.

Rangi ndizo zilizoleta mjadala mrefu. Skrini huunda rangi kwa kuchanganya nyekundu, kijani na buluu, lakini rangi hizo hazina mng'ao sawa machoni. Kwa kanuni inayotumika katika skrini za kisasa, kijani hubeba takriban asilimia 72 ya mng'ao, nyekundu asilimia 21 na buluu asilimia 7. Njano safi, ambayo ni nyekundu na kijani pamoja, hufikia asilimia 93, na kwa hiyo katika fotokopi inakaribia weupe wa karatasi yenyewe, kiasi kwamba mwili wa mnana usipozungushiwa mstari wa ukingo hutoweka na kuacha kichwa cheusi kikielea hewani. Jicho jekundu lina tatizo la kinyume, kwani wekundu juu ya weusi hugeuka weusi juu ya weusi. Suluhisho lilikuwa kuweka pete nyeupe kuzunguka jicho, pete ambayo mnana wa kweli hana, na ambayo mchoraji wa makumbusho asingeikubali hata kidogo. Katika katuni ni uongo halali, kwa kuwa bila huo ndege ni kipofu. Miguu ilibaki na ukweli wake, vidole vitatu mbele na kimoja nyuma, kama walivyo ndege wa jamii hiyo, kila kidole kikiwa mstari mmoja mnene wenye ncha ya mviringo.

Kulikuwa na kishawishi cha kumpamba. Afrika Mashariki ina mtindo wake maarufu wa kuchora ndege, ule ulioanzishwa Dar es Salaam na Edward Saidi Tingatinga mwishoni mwa miaka ya 1960, kabla ya kifo chake mwaka 1972, kwa rangi za mafuta zinazong'aa juu ya vibao, na ambao umewahi kuhamishiwa kwenye katuni za televisheni katika mfululizo wa Tinga Tinga Tales, uliohuishwa Nairobi na kuanza kurushwa mwaka 2010. Ndege wa Tingatinga hutambulika kwa madoa na mistari inayomjaza mwili mzima. Kunakili madoa kwa kompyuta ni rahisi mno, kwani doa moja huzalishwa mara mia kwa amri moja, na urahisi huo ndio unaotia shaka: madoa ya mkono hupishana ukubwa na kufuata mwili, ilhali madoa ya kunakili hukaa juu ya ndege kama kitambaa cha dukani. Mnana wa Kamachumu aliachwa bila doa.

Faida ya vekta ilionekana wazi zaidi pale ndege huyo alipopinduliwa. Kwa kuwa kila kipande chake kilikuwa orodha ya namba, kumzungusha nyuzi 180 ili aning'inie chini ya kiota hakukupoteza chochote, na mabawa yaliyokunjwa yalifunguliwa kwa kusogeza nodi mbili kila upande badala ya kuchorwa upya. Ndani ya faili, kitendo hicho ni mabadiliko ya maandishi tu, ambayo mtu mwenye subira anaweza kuyasoma kwa programu yoyote ya kuandikia, ambamo herufi M huiamuru kalamu ihamie mahali fulani, C huamuru mkunjo na Z hulifunga umbo. Nakala ya kuchapwa ilitolewa katika mfumo wa PDF, kwa sababu steshenari haina haja ya kumrekebisha ndege na huenda haina programu ya kumfungua.

Jike ndilo lililobaki kuwa swali gumu. Jike la mnana halina kichwa cheusi. Lina rangi ya njano iliyochanganyika na kijani cha zeituni na michirizi mgongoni, na likipita katika fotokopi hugeuka ndege wa kijivu asiyetofautiana na shomoro. Kubadilisha rangi za mchoro wa dume, jambo linalochukua muda mfupi sana katika vekta, hakukusaidia, kwa kuwa utambulisho wote wa dume ulikuwa umewekwa kwenye weusi wa kichwa. Njia iliyoonekana kufaa ilikuwa kumchora jike akiwa amechungulia kutoka katika mlango wa kiota, hivyo kiota kimtambulishe. Lakini kiota cha nyuzi zilizosukwa ni mikunjo mingi inayopishana juu na chini, na kukirahisisha kunahitaji mchoraji akae tena chini ya migomba na kutazama ni nyuzi zipi zinazoonekana kutoka mbali na zipi zinazoonekana na mnana peke yake.